Samaki Ambaye Hakupikwa

Mtoto aliletwa kituoni kunyonya, na mahojiano yakasimama. Inspekta, mwanamke wa makamo aliyekwisha kulea wa kwake watatu, hakuwa mtu wa kushindana na titi la mama. Alisogeza kiti nyuma, akageuzia macho dirishani, akamwacha mtuhumiwa wake amalize kazi ambayo hakuna polisi angeweza kumfanyia.

Mtuhumiwa mwenyewe alikuwa mkamwana wa nyumba moja nyuma ya soko, binti mwembamba, kope zimevimba kwa kulia. Alfajiri ya siku hiyo mama mkwe wake alikutwa chumbani kwake akitapika, kifua kimembana, miguu haimbebi. Alikimbizwa hospitali, na madaktari wakasema ni sumu, ila sumu gani hawakuweza kusema. Jua halijapanda sawasawa, binti wa mgonjwa, yaani wifi wa huyu mkamwana, alikuwa ameshafika kituoni na maelezo yaliyonyooka. Mke wa kaka yake ndiye aliyempakulia mama chakula cha jioni, peke yake, kabla ya wengine wote, kwa sababu mama hula mapema. Chakula kilikuwa samaki. Nyumba nzima ilinuka samaki, na majirani walikuwa tayari kuapa.

Mkamwana alisema hakupika samaki. Alipika wali na maharage.

Ubishi wenyewe ulikuwa huo tu, wa mboga, lakini ulikuwa unamsogeza binti wa watu karibu na gereza. Mkuu wa kituo alitaka afikishwe mahakamani mchana uleule. Anayedanganya kuhusu mboga, alisema mkuu, atadanganya kuhusu sumu. Aliipenda sana sentensi hiyo, akairudia kwa kila aliyeingia ofisini kwake, hata aliyeleta chai.

Mtoto aliposhiba na kuanza kusinzia, Inspekta alirudisha kiti mezani.

"Wewe na mama mkwe wako mnaishije?"

"Ananisuka nywele," alijibu mkamwana. Kisha akaona kama hajajibu, akaongeza kwamba mama yake mzazi alifariki yeye bado mdogo, na kwamba hakuna mkono mwingine uliowahi kumgusa kichwa kwa upole namna ile.

"Basi unanificha nini? Tangu asubuhi nakuona unameza neno."

Mkamwana alimtazama mtoto, hakumtazama yeye.

"Kuna jambo, afande, lakini si langu. Nilimwahidi mtu. Na wala si la chakula."

"Ukipelekwa mahakamani leo, usiku mtoto analala na nani?"

Machozi yalimtiririka, lakini hakuyumba. "Na baba yake. Mimi siwezi kumvunjia mtu heshima yake naye yuko kitandani hawezi hata kunikataza."

Inspekta alifunga jalada. Katika kazi yake alikwisha kukutana na watu waliowalisha wenzao sumu, wawili kati yao wapole kupindukia, lakini hakuwahi kuona hata mmoja aliyekuwa tayari kulala ndani ili kulinda heshima ya aliyemlisha. Alimwomba mkuu wa kituo ampe mpaka alasiri. Mkuu akaguna, akampa, kisha akamrudishia ile sentensi ya mboga kama kwamba hajaisikia.

Ukumbini, kwenye benchi la wageni, alikuwa amekaa mzee aliyeshika kofia yake kwa mikono miwili. Huyu alikuwa baba mkwe, mume wa mgonjwa. Alikuja kwa miguu nyuma ya gari la polisi lililomchukua mkamwana, na tangu hapo hakuondoka. Inspekta alimsalimia kwa heshima, akamuuliza kama kuna jambo anataka kusema.

"Nasubiri tu, mwanangu."

Alikuwa na ndevu nyeupe nzuri, isipokuwa upande wa kulia zilikuwa fupi na zimejikunja ncha. Alipoona macho ya Inspekta yametua hapo, mkono ukaenda shavuni.

"Wembe uliteleza," alisema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Inspekta aliliweka hilo kichwani na kuendelea na safari yake.

Nyumbani kwa mgonjwa alipokewa na wifi mtu, ambaye alimpitisha kila mahali huku akimtia maneno masikioni. Alikuwa mwanamke mwenye uchungu wa kweli, na uchungu wake ulikuwa umepata mtu wa kumwangukia. Inspekta alimwacha aseme, akaingia jikoni na kuanza kufunua sufuria. Maharage yaliyobaki yalikuwepo, yameganda juu. Alichukua pipa la taka, akalimwaga lote juu ya gazeti mbele ya wifi, akachambua kwa kijiti: maganda ya vitunguu, makapi ya maharage, majani ya chai. Mfupa wa samaki haukuwemo, gamba halikuwemo, na kikaangio kilikuwa kikavu kina vumbi. Juu ya ukuta wa uani paka wa jirani alikuwa amejilaza kivivu, mgongo kaugeuzia jiko. Inspekta alimtazama paka huyo kwa muda. Jiko lililokaanga samaki jana lisingemwacha mnyama yule alale kwa raha kiasi kile.

"Lakini nilinusa mwenyewe," alisema wifi, sauti imeanza kupungua. "Sijatia chumvi, dada. Nilinusa."

Inspekta alimwambia anamsadiki, na alikuwa anamsadiki kweli. Majirani nao walinusa. Pua za watu wote wale hazikukosea, ila zilikuwa zimeipa harufu ile jina la kitu wanachokijua.

Chumba cha mgonjwa kilikuwa kimefungwa dirisha. Chini ya mlango palikuwa na shuka kuukuu lililoviringishwa la kuziba upenyo. Wifi alieleza kwamba mama na mbu hawapatani, kila jioni anaziba mpaka tundu la ufunguo. Inspekta aliufungua mlango na harufu ikamlaki pale pale kizingitini: samaki aliyelala, na ndani yake kitu kama kitunguu saumu. Alibana pumzi, akaenda moja kwa moja kusukuma dirisha, akatoka kusimama ukumbini mpaka upepo ulipopita. Hata hivyo kichwa kilishaanza kumgonga.

Aliporudi alikuta chumba cha mtu msafi kuliko kawaida. Sakafu iling'aa mpaka chini ya kitanda. Mama, alisema wifi kwa fahari, hupiga deki kila siku ya Mungu, maji mengi, magoti chini, na mtaa mzima unamwogopa kwa usafi. Wageni huvua viatu nje ya geti. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama. Betri ilikuwa mpya, wifi aliinunua mwenyewe, lakini Inspekta alipoifungua alikuta vishikizo vyake vya shaba vimekuwa vyeusi.

Wifi akatoa kwenye pochi bangili ya shaba ambayo mama alikuwa akiivaa kwa ajili ya maumivu ya viungo. Nesi alimvua na kumkabidhi. Nayo ilikuwa nyeusi tii. Tafsiri yake wifi alikuwa nayo tayari: sumu ya chakula imetoka kwenye damu ikaingia kwenye shaba.

"Na saa nayo ilikula samaki?" aliuliza Inspekta.

Wifi akaketi kwenye kigoda cha ukumbini kama mtu aliyeshushwa mzigo asioujua uzito wake.

Inspekta alimuuliza polepole baba hulala wapi. Sebuleni kwenye kochi, alijibu, miaka sasa, kwa sababu ya kukoroma. Mama husema ni lori linalopanda mlima na breki zimekufa. Wifi alicheka kidogo, halafu kicheko kikageuka kilio, na Inspekta akakaa naye mpaka kikaisha. Nje, nyuma ya choo, aliona ndoo ya plastiki iliyoyeyuka mdomo upande mmoja, na ndani yake tope la kijivu na kipande cha kitambaa kilichoungua. Wifi hakujua habari zake. Inspekta alichota tope kidogo kwenye kichupa, akamwambia wifi asiruhusu mtu yeyote kulala ndani, akaondoka.

Mkemia wa serikali alisoma naye shule moja, na tangu wakati huo hawajawahi kuzungumza dakika nzima bila kutaniana. Safari hii alipofungua kichupa utani ulimtoka usoni. Alikifunika haraka, akakiingiza chini ya bomba la kuvuta hewa, akamuuliza kama amebeba kitu hicho garini vioo vimefungwa.

"Vioo vilikuwa wazi. Kiyoyozi kilikufa mwaka juzi."

"Basi usikitengeneze. Kimekuokoa."

Alining'iniza juu ya kichupa ukanda wa karatasi uliolowekwa dawa yenye madini ya fedha, na ukanda ukabadilika rangi, kwanza manjano, kisha mweusi. Aliikagua bangili, akaikwaruza, akatikisa kichwa. Halafu akamweleza rafiki yake kwa lugha ambayo mtu angeweza kuirudia mahakamani. Lile tope ni mabaki ya vidonge vya ghala, vile vinavyowekwa kwenye magunia ya nafaka kuua wadudu. Vikiwa vikavu ndani ya kopo vimetulia. Vikipata unyevu vinatoa gesi ya fosforasi na haidrojeni, iitwayo fosfini, na hiyo ndiyo inayoua, mdudu na mtu vilevile. Shaba hainusuriki nayo.

"Na ile harufu?"

"Fosfini ikiwa safi hainuki sana. Lakini haiji peke yake. Ina ndugu yake, difosfini: fosforasi mbili, haidrojeni nne. Huyo hana utulivu hata chembe. Akikutana na hewa anawaka mwenyewe, bila kiberiti, na anamwasha na mwenzake. Hiyo harufu mnayoita samaki, sehemu yake ni yeye."

Inspekta alifikiri. "Kwa hiyo muuaji yuko kimya, ila ana ndugu asiyejua kunyamaza."

"Kama shemeji yangu," alisema mkemia. "Mshukuru. Bila yeye usingekuja hapa."

Alimshukuru, akapiga simu hospitali palepale. Daktari alisema sumu hiyo haina dawa ya kuikata, lakini sasa watajua cha kuangalia kwenye moyo. Mgonjwa alikuwa ameamka. Alikuwa ameuliza kama blanketi la wodini limefuliwa.

Garini, Inspekta alipanga alichonacho. Mtu alitia vidonge vya ghala chumbani, na deki ya mama ikavipa maji. Baadaye mtu alivitumbukiza kwenye ndoo, vikalipuka moto, na yule ndugu asiyetulia akamuunguza ndevu upande wa kulia, maana wembe haukunji ncha. Katika maelezo ya asubuhi kazi ya mzee ilikuwa imetajwa kwa maneno machache tu: mtunza ghala la nafaka, mstaafu. Njia rahisi ilikuwa kusema mume ametaka kumuua mke. Lakini mume muuaji hakai kwenye benchi la polisi siku nzima bila kuitwa. Na bado kulikuwa na siri ya mkamwana, siri ya kumvunjia mgonjwa heshima. Ni aibu gani inaweza kumpata mwanamke ambaye wageni wanamvulia viatu getini, na dawa yake ikafichwa chini ya kitanda?

Jibu lilimjia kwenye taa nyekundu, naye akacheka peke yake. Kisha akawaza ni nani atakayelazimika kulisikia jibu hilo, na kicheko kikamkauka.

Mzee alikuwa palepale. Mtu alimletea chai, imepoa bila kuguswa. Inspekta hakumwita ofisini. Aliketi kando yake kwenye benchi, bega kwa bega, wote wakitazama ukuta.

"Baba, mkamwana wako ameniwekea siri tangu asubuhi. Amekataa kabisa kuniambia habari za kunguni."

Kofia iliacha kuzunguka mikononi mwa mzee.

"Walikuja na kochi tulilopewa," alisema. "Wakahamia kitandani kwake. Yeye, mwanamke yule, kunguni. Alilia kama amefiwa. Akatuapisha mimi na mkamwana, mtu asijue, hata binti yake. Usiku akawa halali. Anakaa na tochi, anawasaka mmoja mmoja. Nikienda chooni namwona, ameinama, shingo imejaa vipele. Mwanangu, niliona huruma mpaka nikajisikia mgonjwa. Nikaenda ghalani kwa aliyerithi kazi yangu, nikaomba vidonge vichache, nikavifunga kwenye kitambaa nikaviweka chini ya kitanda."

"Ulijua ni sumu."

"Nilijua ni ya wadudu. Utu uzima wangu wote nimeviweka juu ya magunia kwa mkono huu. Tunaweka, tunafunga turubai, tunatoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kudhurika. Nikasahau kwamba sisi tulikuwa tunatoka."

Inspekta hakuandika. Mzee alieleza yaliyobaki kwa sauti ya chini. Mkewe alipopelekwa hospitali, yeye alirudi kumchukulia nguo, akakuta furushi limelowa chepechepe. Aliogopa watu wakija kupekua watajua habari za kunguni, akalitupa kwenye ndoo ya maji kulisafisha. Moto ukainuka kutoka majini ukamchapa usoni. Hapo ndipo alipoanza kuelewa, na kabla hajaelewa vizuri gari la polisi likawa getini.

"Kwa nini hukuniambia asubuhi?"

"Nilikuja kusema. Kila ukipita najiambia, sasa hivi. Maneno yanakwama. Niliona nikishayatamka, nitakuwa nimemuua kweli."

"Hajafa, baba. Ameamka. Anakagua mablanketi."

Mzee alifunika uso kwa kofia, na mabega yake yakatikisika. Inspekta alimwekea mkono mgongoni. Alimwambia pia lililo gumu, kwa sababu alistahili kuambiwa: ataandika maelezo, na aliyempa vidonge naye ataitwa, kwa kuwa dawa zile haziruhusiwi kutoka ghalani mikononi mwa mtu. Lakini usiku huo hakuna atakayelala mahabusu.

Mkuu wa kituo alisoma taarifa, akaisoma tena, akasaini kwa unyonge wa mtu aliyenyang'anywa sentensi yake. Mlango wa chumba cha mahojiano ukafunguliwa. Mkamwana alitoka na mtoto begani, na mzee akasimama, akaanza kuomba radhi. Alianza mara tatu na mara zote tatu akaishia kwenye "mwanangu".

"Baba, nishikie mtoto," alisema mkamwana. "Mikono imenichoka."

Akampa. Mzee alimpokea mjukuu kifuani, na hivyo ndivyo walivyokwenda hospitali, wote kwenye gari lile la vioo wazi.

Mama alikuwa amelazwa kitanda cha mwisho, mrija wa oksijeni puani, kichwa kimefungwa kitambaa sawasawa. Binti yake alikuwa ameshafika. Alipomwona mke wa kaka yake akiingia alisimama, akampisha kiti chake mwenyewe, akamshika mkono na kuung'ang'ania. Inspekta alitoa karatasi zake, maana kazi ilikuwa bado kazi. Mgonjwa alimwashiria ainame.

"Umewaandika?" alinong'ona.

"Nimeandika wadudu, mama. Sikutaja kabila lao."

Mama alifumba macho kwa shukrani. Mzee alikuja akapiga magoti kando ya kitanda, mahali ambapo uso wake ulilingana na wa mkewe, na safari hii maneno hayakukwama. Alimwambia yote, vidonge, kitambaa, ndoo, moto. Hakujitetea. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akainua mkono mzito, akagusa pale ndevu zilipoungua.

"Lile furushi nililiona," alisema.

Mzee akainua macho.

"Nililiona siku uliyoliweka, napiga deki. Kitambaa kipya, na fundo ni lako, lile la magunia. Nikasema moyoni, kumbe huyu mzee ameninunulia kitu. Anangoja siku ya kunipa." Alipumzika kidogo kuvuta hewa. "Nikawa napiga deki kulizunguka, nisije nikaligusa nikakuharibia. Kila siku natazama kama bado lipo."

Mzee aliweka paji la uso kwenye ukingo wa godoro. Mkamwana alikuwa analia waziwazi, na wifi naye, na mtoto akawashangaa wote. Inspekta alijikuta ameshika kalamu juu ya karatasi, haandiki.

"Kitambaa kiko wapi?" aliuliza mama.

"Kimeungua," mzee alijibu bila kuinua kichwa.

"Basi utanitafutia kingine," alisema mkewe, vidole vyake bado viko kwenye zile ndevu fupi. "Na safari hii, unipe mkononi."